NJIA TATU ZA GREDI YA 10 NA MFUKO WA MFANYAKAZI



Mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10, nasi wenye watoto Kibera na Kawangware tuliwapeleka, au tulijaribu kuwapeleka. Tangu hapo maneno ni mengi. Wako wanaotaka 8-4-4 irudishwe, na wako wanaosema tunyamaze tungoje. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Shabaha ya mtaala huu ni njema. Chini ya 8-4-4, iliyoanza 1985, mtoto alisoma miaka minane kisha akapimwa kwa karatasi za siku chache, na akiwa na homa siku hizo, shauri yake. Mtihani ule ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Sasa alama za kuingia gredi ya 10 zatoka mahali patatu: katika kila 100, 20 ni za mtihani wa gredi ya 6, 20 ni za kazi zilizopimwa shuleni gredi ya 7 na ya 8, na 60 ni za mtihani wa gredi ya 9. Mfanyakazi hawezi kupinga mpango wa namna hiyo, maana ndivyo sisi wenyewe tunavyopimwa. Fundi wa kuchomelea akitaka cheti cha gredi haambiwi aandike insha juu ya moto. Hupewa chuma, hupewa mashine, na msimamizi hutazama kama kiungo kimeshika au hakikushika.

Lakini angalieni, ndugu: hupewa chuma. Mtoto wetu huambiwa alete chuma chake mwenyewe. Wazazi wa Gatwekera na Laini Saba wajua bei ya karatasi ya manila, gundi, rangi, na kuchapisha picha kwenye saiba usiku wa kuamkia siku ya kupimwa. Wengi wa watoto hao wamo katika shule za mabati za makanisa, vikundi na watu binafsi, zinazoishi kwa karo hiyo hiyo ya mzazi. Ng'ambo ya barabara kutoka Kawangware ni Lavington, na huko mashine ya kuchapa iko nyumbani, na pengine mama hakwenda kazini siku hiyo. Watoto wawili wapewa kazi moja, nayo huitwa kipimo cha uwezo. Uwezo wa nani?

Sasa tuje kwenye njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi ya jamii, na ya sanaa na michezo. Serikali imepanga watoto kama 60 katika kila 100 wafuate ile ya kwanza, na kila shule ya upili ya juu iwe nayo pamoja na nyingine angalau moja. Vizuri sana. Lakini sayansi yataka maabara, gesi, dawa, vyombo vya kioo, na mwalimu wa fizikia ambaye hafundishi pia masomo mengine mawili.

Bweni katika shule za taifa limewekewa karo ya Shs. 53,554 kwa mwaka. Kibarua wa Nairobi, kwa amri ya mishahara ya Novemba 2024, aliwekewa kima cha chini cha Shs. 16,113.75 kwa mwezi. Atoe mishahara mitatu mizima na zaidi, asilipe nyumba, asile. Kwa hiyo mtoto wake atakwenda shule ya kutwa iliyo karibu, na njia atakayofuata itakuwa ile ambayo shule hiyo ina vifaa vyake, hata kama kwenye kompyuta alichagua nyingine.

Na shule ya kutwa hutegemea fedha za serikali. Kima kilichoahidiwa ni Shs. 22,244 kwa kila mtoto kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw. Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali ilimudu kiasi cha Shs. 16,900 tu. Pigeni hesabu: katika darasa la watoto 45, pengo hilo ni zaidi ya Shs. 240,000 kwa mwaka. Hapo ndipo maabara yetu ilipopotelea.

Jambo hili si geni. Mwaka 1949 shule ya Duke of York, ambayo leo ni Lenana, si mbali na Kawangware, ilifunguliwa kwa wana wa Wazungu. Mwaka huohuo ripoti ya Beecher ilipanga watoto wengi wa Kiafrika waishie miaka minne ya shule. Baada ya uhuru ikaja 8-4-4, nayo ilihubiri kazi za mikono. Wazazi walijenga karakana kwa harambee, nyingi zikakaa bila vifaa, na baadaye masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani. (Wanaoililia 8-4-4 wakumbuke na hilo.)

Serikali husikia ikiambiwa kwa sauti. Ilikuwa imetaka hisabati iwe ya hiari katika gredi hizi za juu. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2025 ikafanywa lazima kwa wote, ya juu kwa wafuatao sayansi na nyepesi kwa wengine. Basi sauti tunayo.

Sheria ya Elimu ya 2013 yawapa wazazi viti sita katika halmashauri ya kila shule ya serikali. Ni wanachama wangapi wamesimama kuvigombea? Mara nyingi huchukuliwa na mwenye duka na mwenye nyumba za kupanga, kwa kuwa mikutano huitwa mchana sisi tukiwa viwandani. Napendekeza matawi ya Kibera na Kawangware yadai mikutano hiyo ifanywe Jumamosi alasiri au Jumapili, na yatoe watu wa kusimama. Wakishaingia, waulize kwanza hesabu ya fedha za serikali zilizofika, kisha waombe kufunguliwa mlango wa maabara waone kilichomo. Vifaa vya kazi zinazopimwa vinunuliwe na shule kwa fedha hizo, si na mzazi.

Watoto hawa watafanya mtihani wao wa mwisho 2028. Jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa tawi, kabla ya habari za michango.