Acheni Kumsingizia Mungu

Dada yangu alizikwa Jumamosi, chini ya hema la kukodi. Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada, basi. Alikuwa na miaka 26. Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, kisha akaanza kuvuja damu. Friji ya damu ya hospitali ilikuwa tupu. Ambulensi ya kumpeleka hospitali kubwa ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Shemeji akaanza kupigia watu simu usiku huo akiomba pesa za mafuta. Kabla ya alfajiri hakukuwa tena na haja ya mafuta.

Pasta alishika maikrofoni akatuambia kazi ya Mungu haina makosa. Akasema Mungu alikuwa anachuma maua bustanini mwake, akaona hili ndilo zuri zaidi. Watu wakasema amina. Mheshimiwa naye akaomba dakika mbili, akachukua ishirini, akarudia yale yale: tukubali mapenzi ya Mungu. Yeye nilimwelewa kabisa. Mapenzi ya Mungu hayana bajeti, na hakuna kamati inayoweza kuyaita yajieleze.

Mimi ni Mkristo. Nasema mapema ili nisijibiwe kwa kuombewa wokovu. Ugomvi wangu leo si na Mungu, ni na mawakili wake.

Hebu tuangalie wanachosema. Wanadhani wanamtetea. Lakini ukisema Mungu ndiye alimchukua, umemweka Mungu wodini saa tisa usiku, umempa sababu ya kuua, na umemwandikia hati ya kukiri kosa. Kumbandika mtu kosa ambalo hujamwona akifanya, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kumsingizia. Na sisi tukiendelea kumsingizia Mungu, yule aliyepaswa kujaza tangi la ambulensi anakunywa soda yake taratibu kwenye viti vya mbele.

Kati ya mambo yanayoua akina mama katika uzazi duniani, kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hawakufanya muujiza wowote. Mama akijifungua anatandikiwa plastiki yenye mfuko na alama za vipimo, ili muuguzi aone damu iliyotoka ni kiasi gani badala ya kukisia kwa macho. Ikifika kiwango cha hatari, mama anapewa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe lingine: kukandwa tumbo, dawa ya kukaza mji wa mimba, dawa ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipani, na kuchunguzwa damu inatoka wapi. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana navyo, vilipungua kwa asilimia 60.

Sasa niambieni, ni mapenzi gani hayo ya Mungu yanayopungua kwa asilimia 60 ukitandika plastiki?

Mtu ataniambia afadhali kusema ni Mungu kuliko kusema ni mchawi. Kweli, tunajua tulikofikishwa na habari za mchawi. Kilifi na Kisii wazee wameuawa na watu wao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi. Lakini angalia vizuri, hizo ni njia mbili za kufika mahali pamoja. Ukimsingizia bibi kizee, hakuna atakayeuliza damu ilikuwa wapi. Ukimsingizia Mungu, pia hakuna atakayeuliza. Tofauti ni kwamba Mungu hatuwezi kumchoma nyumba.

Nina marafiki walioacha kanisa kabisa. Wananiuliza lile swali ambalo nilikutana nalo chuoni kabla sijaacha masomo, linalohusishwa na Epikuro, Mgiriki wa kale. Kama Mungu anataka kuzuia mabaya na hawezi, nguvu zake ziko wapi? Kama anaweza na hataki, upendo wake uko wapi? Mimi sina jibu la kuwanyamazisha, na simwamini mtu anayedai analo. Lakini yule pasta alilijibu pale hemani bila kujua. Alichagua kwamba Mungu anaweza, ila anapenda maua. Halafu tunashangaa vijana wakitoka kanisani.

Najua swali gumu zaidi bado halijaguswa. Yuko mtoto anayezaliwa na ugonjwa usio na tiba, na hapo hakuna mheshimiwa wa kulaumiwa wala tangi la kujazwa. Huyo tuseme nini juu yake?

Tusiseme kitu. Wala hilo sijalibuni mimi. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyofanya. Walipofungua mdomo wakaanza kumtetea Mungu, kwa ufasaha kabisa, sura baada ya sura. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na anasema Ayubu aliyelalamika ndiye aliyenena sawasawa. Mazishini mapasta wetu husoma sura ya kwanza, pale Ayubu anapokubali yote kwa upole, kisha wanafunga Biblia. Sura ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa, hawaifiki. Zaburi ya 88 hawaifiki pia, kwa sababu inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shukrani ya kufungia ibada. Na bado iko ndani ya Biblia, hakuna aliyeing'oa.

Huyo ndiye Mungu ninayemwamini, anayeruhusu malalamiko yaandikwe kwenye kitabu chake. Kaburini kwa Lazaro, Yesu alilia, na yeye ndiye aliyejua kitakachofuata. Hakuwaeleza Mariamu na Martha habari za maua. Na Habili alipouawa, Mungu hakusema ni mapenzi yake. Alimgeukia Kaini akamuuliza ndugu yake yuko wapi.

Nilimwambia mama mkubwa haya yote jioni ya mazishi, kwa hasira, kama mjinga. Alinisikiliza akichambua mboga. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi neno hilo ndilo linaniamsha asubuhi. Ukininyang'anya, utanipa nini?"

Nilinyamaza. Bado nalifikiria swali hilo, na hapa ndipo nilipofika: mama mkubwa ana haki ya kusema kazi ya Mungu haina makosa. Ni mtoto wake aliye chini ya ule udongo. Kinywani mwake maneno hayo ni fimbo ya kutembelea, na mimi sina haki ya kumpokonya kiwete fimbo. Lakini pasta si mfiwa. Mheshimiwa si mfiwa. Wakiyasema wao kwenye maikrofoni, yanakuwa kufuli la mlango ambao tungepitia kuuliza maswali.

Kwa hivyo mazishi yajayo, pasta, kaa nasi. Lia kama machozi yapo. Omba. Ukimaliza, kabla ya kumpa mheshimiwa maikrofoni, muulize mbele yetu sote damu ilikuwa wapi.

Yule mtoto sasa anatambaa. Amepewa jina la mamake. Siku moja atauliza mamake alienda wapi, na najua kuna mtu atamkalisha chini amwambie Mungu alimpenda zaidi. Tafadhali msimfanyie hivyo. Mwambieni damu ilikosekana. Halafu Jumapili mpelekeni kanisani. Na mimi nitakuwa huko.