Mwiko wa Mgonjwa



Hapa Mwanza na kandokando ya Ziwa, mtu akisema kwamba kamongo ni mwiko wa ukoo wake, hapana amwulizaye. Huletewa kitoweo kingine. Lakini mgonjwa wa kisukari akikataa chai ya sukari katika walima, au mwenye shinikizo la damu akiacha kayabo kwa sababu ya chumvi, ndipo maneno huanza. Huyu husema, "Anaringa." Yule hunong'ona, "Atuogopa, adhani tumemtilia kitu." Na mwenye nyumba humwapia, "Wallahi, utakula!"

Neno hilo la pili ni zito katika nchi yetu, kwani adhaniwaye kuogopa uchawi huwa kama amemtukana mwenyeji wake. Basi mgonjwa hula ili aikwepe tuhuma. Wageni hurudi kwao, naye hubaki na madhara peke yake. Sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Na chumvi, Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Wala jambo hili si geni katika dini. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliingia kwa Ummul Mundhir pamoja na Sayyidna Ali, ambaye ndiyo kwanza alikuwa atoka maradhini. Palitundikwa mashada ya tende. Mtume akala, lakini Ali alipoanza kula alimkataza kwa udhaifu wake. Mama yule akawapikia shayiri na mboga, na Mtume akamwelekeza Ali ale hicho, kwani kilimfaa zaidi.

Tazameni: aliyezuia ni Mtume mwenyewe, na mwenye nyumba ndiye aliyepika kinachofaa.

Basi enyi akina mama, mnapoandaa karamu tengeni birika moja lisilo na sukari, na mchuzi kidogo kabla haujatiwa chumvi. Nanyi vijana, mkimwona mgonjwa akila mchana wa Ramadhani msimcheke. Ruhusa yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na mgeni akisema, "Daktari amenikataza," lipokeeni neno lake kama mnavyoupokea mwiko wa ukoo, wala msimlazimishe kwa kiapo.

Wabillahi tawfiq.