Lisansi si diploma tu: kode yetu isiliwe bure

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Kalunguta na fasi zote mnapotusoma,

Hapa kwetu mtu akisema "lisansi", kila mzazi anafikiria chuo kikuu, toga na picha ya familia. Ile niko nayo. Iko ndani ya bahasha ya plastiki juu ya kabati, miaka miwili sasa, na haijanipa hata kazi ya siku moja. Lakini kuko lisansi ingine, ya programu, ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha. Njo ile ilituumiza.

Tulikuwa vijana sita. Tuliandika programu ndogo: mlimaji wa Kalunguta anatuma SMS, anajibiwa bei ya kilo ya kahawa au kakao ya siku ile Butembo, ili mnunuzi asimdanganye shambani. Tuliandika usiku, moto ukipatikana, tukichanga franka za kununua mega. Tukaiweka GitHub. Mashine ikatuuliza: lisansi gani? Tukachagua MIT, juu iko fupi na watu wengi wanaichagua. Dakika moja tu. Hatukusoma.

Mwaka uliofuata, shirika moja likaichukua. Likabadilisha jina na rangi, likatengeneza makosa tuliyoyaacha, likaongeza mambo mazuri, likafunga kode na kuiendesha kwenye seva yake. Walimaji wakazoea namba mpya. Kisha pesa ya mradi ikaisha, seva ikazimwa. Walimaji wakatupigia sisi simu: "Bei iko wapi?" Sisi tulikuwa na toleo la zamani, na makosa yake yote. Marekebisho yalikwenda na ordinateri za watu waliokwisha kuondoka.

Wenzetu wengi walilalamika: "Wametuiba!" Hapana. Tuseme ukweli hata kama unatuuma. MIT inasema: chukua, badilisha, uza, hata funga, bakisha tu jina la mwandishi na maandishi ya lisansi. Majina yetu waliyabakisha, ndani ya faili ambayo hakuna mtu anaifungua. Mlango tuliufungua sisi wenyewe, kisha tukashangaa watu wameingia.

Wengine wanasema: basi tusiweke lisansi yoyote. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Haki ya mwandishi inazaliwa siku unapoandika, hata usipoweka alama yoyote. Kongo iko na sheria yake ya tarehe 5 Aprili 1986, na iko ndani ya Mkataba wa Berne. Kwa hiyo kode bila lisansi ni kode ambayo hakuna mtu ameruhusiwa kuinakili wala kuibadilisha. Kijana mwema wa Goma anayetaka kutusaidia ataogopa. Asiyejali sheria atachukua tu. Ukikaa kimya, unamfungia rafiki na unamwachia mjanja.

Iko njia ya tatu, na kila mama wa soko anaijua: likelemba. Unakula zamu yako, lakini lazima urudishe ili mwenzako naye ale. Mwaka 1989 Richard Stallman alitoa lisansi ya GPL yenye akili ileile: tumia, badilisha, uza ukitaka, lakini ukiipa watu wengine programu yako, wape na kode kwa masharti yaleyale. Likabaki shimo moja: mtu anayeiendesha kwenye seva yake hajampa mtu programu, kwa hiyo GPL haimlazimishi. Mwaka 2007 ikatoka AGPL ya leo kuziba shimo lile: wanaotumia programu kupitia mtandao nao wana haki ya kupata kode. Kama tungeichagua, seva ingezimwa lakini marekebisho yasingepotea.

Watatuambia: "Mkiweka masharti, mashirika yatakimbia." Uongo. KoboToolbox, ambayo mashirika ya misaada yanaitumia kila siku kukusanya majibu ya wakaaji, iko chini ya AGPL. Ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea waliijaza barabara na nyumba za eneo letu wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iko na lisansi ya ODbL: ukiboresha data zake na kuzitoa, unazitoa kwa masharti yaleyale. Hakuna aliyekimbia.

Watauliza pia: "Nyinyi bila kazi, mtamlipa avoka gani?" Kweli, avoka hatuna. Lakini lisansi ni neno lililoandikwa, la kuweka mezani kabla ya kusaini. Bila neno lile unabaki kuomba huruma na perdiem.

Sisi tumebadilisha. Haikuwa rahisi: tulitaka kila aliyeandika mstari akubali, na mmoja alikuwa amehamia Kampala. Toleo la zamani litabaki MIT milele, huwezi kulirudisha. Toleo jipya ni AGPL.

Na kitu kimoja kisichanganywe: lisansi ya kode haihusu majina ya watu. Kode iwe wazi, lakini orodha ya walimaji ifungwe. Katika barabara zetu za Butembo na Beni, ambako watu wanauawa na kutekwa nyara, karatasi inayoonyesha nani ameuza kahawa leo na namba yake ya simu inaweza kumuua mtu. Yeyote atakayetuomba orodha ile, awe na gari nyeupe au na bunduki, jibu ni hapana.

Kwa hiyo tunaomba kila kijana anayeandika kode:

1. Soma lisansi kabla ya kubofya. MIT si mbaya, lakini uichague ukijua unatoa nini.
2. Weka faili ya lisansi siku ya kwanza, na mkubaliane kwa maandishi juu ya kila mchango.
3. Changia hata kama hujui kuandika kode: ripoti makosa, tafsiri SMS kwa Kinande na Kiswahili, ijaribu kwenye simu ya mama yako.
4. Usikubali "uzoefu" kama mshahara wa kazi itakayofungiwa watu wako mlango.

Na kwa serikali na wafadhili: programu iliyolipwa kwa jina la wakaaji, kode yake ibaki kwa wakaaji mradi ukiisha.

Salongo tunaifanya kwa moyo. Lakini barabara tuliyoilima pamoja, hakuna mtu ataiweka kizuizi.

Lisansie bila kazi, Kalunguta