Printa kuukuu si chuma chakavu, vijana wajifunze kuzifufua

UKIINGIA stoo za ofisi nyingi za umma, shule na maduka ya jumla humu nchini, utakuta printa zimerundikwa zikila vumbi. Si zote zimeharibika. Kosa la baadhi yazo ni moja tu: nyuma zina tundu pana la pini 36, na laptopu za siku hizi hazina pa kuchomeka waya wake. Kwa hivyo ofisi hununua mpya, nayo ya zamani husubiri siku ya kuuzwa kwa kilo.

Wakati uo huo, mtaani kuna kijana aliyemaliza kozi ya kompyuta, ana laptopu ya mtumba na anataka kufungua saiba. Wateja wapo. Fomu za HELB, vyeti vya KRA, stakabadhi za eCitizen na wasifu wa kutafutia kazi bado huishia kwenye karatasi. Kinachomkwamisha ni printa. Akichukua mkopo wa Hazina ya Hasla, ambao ulizinduliwa 2022 ukiwa wa kati ya Sh500 na Sh50,000, huenda zote zikaishia kwa printa mpya ya bei rahisi, halafu katriji zinakauka kabla deni halijaisha.

Tunaona pande hizi mbili zinafaa kukutanishwa. Kazi yenyewe si uchawi, ila inataka mtu aelewe anachofanya.

Tundu hilo la zamani huitwa poti paraleli. Lilitokana na kampuni ya Marekani iliyoitwa Centronics mwanzoni mwa miaka ya 1970, na 1994 likawekewa kiwango rasmi cha IEEE 1284. USB ilipoingia 1996, watengenezaji wa laptopu walianza kuliacha polepole. Lakini printa yenyewe haikusahau kuchapisha. Zile zilizotengenezewa ofisi, kama HP LaserJet za miaka ya 1990 na Epson LX-300 inayogonga risiti za nakala tatu kwa mpigo, ziliundwa kwa kazi ngumu.

Daraja la kuziunganisha ni waya mmoja: upande huu USB, upande ule pini 36. Washa printa kwanza, kisha chomeka waya. Windows ikiutambua, itaunda poti mpya ambayo mara nyingi huitwa USB001. Hapa ndipo wengi huchemsha. Wanapoongeza printa, wao huchagua LPT1 kwa sababu ndilo jina walilofundishwa, ilhali laptopu haina LPT1 ya kweli. Kazi hubaki kwenye foleni, na mteja naye anangoja. Chagua USB001.

Hatua ya pili ni draiva, na hii ndiyo inayosumbua zaidi. Waya hupitisha data tu; hautafsiri lugha. Draiva ya Windows XP ya biti 32 haiwezi kufanya kazi kwenye Windows ya biti 64. Habari njema ni kwamba printa nyingi za zamani huzungumza lugha zinazojulikana: LaserJet hutumia PCL, na Epson za kugonga hutumia ESC/P. Ukipata draiva ya modeli nyingine inayoongea lugha hiyo hiyo, mara nyingi itafanya kazi. Kwa risiti zisizo na picha wala nembo, ile ya Windows inayoitwa Generic / Text Only inatosha. Anayetumia Linux ana bahati zaidi, kwani mfumo wake wa CUPS unaweza kutumia draiva za printa nyingi ambazo kampuni zilishaziacha.

Tusidanganyane, si kila printa itafufuka. Zipo zilizotegemea kompyuta kufanya kazi yote ya kupanga ukurasa, na bila draiva yake maalum hazina lugha ya kuongea. Skana za poti paraleli pia hazitakubali waya huu, kwa kuwa waya umeundwa kwa ajili ya printa pekee. Na kabla ya kutoa hata shilingi, uliza bei ya tona au utepe, na kama bado vinapatikana. Printa ya bure yenye tona isiyopatikana ni mzigo. Mwambie muuzaji pia aiwashe na kuchapisha ukurasa wake wa majaribio; nyingi zinaweza kufanya hivyo bila kompyuta. Ikishindwa hapo, usiinunue ukidhani waya utaiponya.

Basi nani afanye nini? Kwanza, vyuo anuwai vifundishe jambo hili kwa mikono. Mwanafunzi anayehitimu akijua kupanga jedwali lakini hawezi kueleza poti na draiva zinatofautianaje, atamlipa fundi kwa kazi ambayo angelipwa yeye.

Pili, ofisi za umma zifungue stoo. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaruhusu mali isiyohitajika kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma. Chuo cha ufundi cha kaunti ni taasisi ya umma. Printa kumi zilizokufa nusu ni darasa zima la mafunzo kwa vitendo, na zitakazopona zinaweza kutumika chuoni humo.

Tatu, zile zisizopona zisitupwe jalalani wala kuchomwa ili kutoa shaba. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka watengenezaji na waagizaji wabebe jukumu la bidhaa zao hata zinapochakaa. Jukumu hilo halina maana ikiwa mwananchi hajui pa kupeleka printa mbovu. Kaunti zitenge vituo vya kuzipokea, na zivitangaze.

Nawe kijana, usione haya kuanza na mashine yenye umri kukuzidi. Mteja anayetaka fomu yake kabla ofisi haijafungwa haulizi printa ilitengenezwa lini. Anauliza kama karatasi imetoka safi na ni pesa ngapi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiwa na waya sahihi, draiva sahihi na subira kidogo, hiyo ya stoo inaweza kukulipia kodi ya kibanda huku ukiweka akiba ya kununua mpya bila deni.