Konza na bomu la nyuklia: Saini ambayo Kenya haijaweka

Taja neno nyuklia mbele ya vijana wa Kenya na wengi watakumbuka Uyombo. Mei 2024 wakazi wa kijiji hicho cha Kilifi waliandamana kupinga mpango wa kinu cha umeme, wakakumbana na polisi. Huo ni mjadala wa stima. Ule wa mabomu hausikiki sana hapa kwetu, na hapo ndipo Kenya ina deni.

Mnamo Julai 7, 2017, nchi 122 zilipiga kura katika Umoja wa Mataifa, New York, kupitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Kenya ilikuwa miongoni mwao. Mkataba ulianza kutumika Januari 22, 2021. Komoro, Ushelisheli na DRC zimeuridhia. Tanzania ilitia saini Septemba 2019. Kenya ilisema ndiyo, kisha ikanyamaza. Haijatia hata saini.

Utasema, aah, mimi nina deni la HELB na kodi ya nyumba, bomu la Wazungu linanihusu nini? Linatuhusu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Ufaransa nayo ililipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, Algeria, Februari 13, 1960, na ikaendelea huko hadi majaribio yakafika 17. Afrika ilijibu kwa Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha hizo, na Kenya imo. Ule wa 2017 nao unakataza kumsaidia mtu yeyote, popote duniani, kutengeneza, kumiliki au kutumia silaha hizo.

Neno "kumsaidia" ndilo linalotuleta Konza.

Pale Malili, kilomita kama 60 kutoka Nairobi kwa Barabara ya Mombasa, serikali inajenga jiji la teknolojia kwenye ekari 5,000. Ndani yake kuna mradi wa Kenya-KAIST, chuo cha shahada za juu za sayansi na uhandisi kinachogharamiwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kuigwa kutoka KAIST, chuo maarufu cha huko. Watu wengi hawajui kwamba KAIST yenyewe iliwahi kuwekwa kikaangoni kwa sababu ya silaha.

Februari 2018 chuo hicho kilifungua kituo cha utafiti wa akili mnemba na ulinzi kwa ushirikiano na Hanwha Systems, kampuni ya silaha. Aprili, watafiti zaidi ya 50 kutoka karibu nchi 30, wakiongozwa na Toby Walsh wa Australia, walitangaza kwamba hawatashirikiana na KAIST kwa lolote hadi ihakikishe haitaunda silaha zinazojiamulia zenyewe nani auawe. Hawakurusha jiwe wala kuchoma tairi. Ndani ya siku chache rais wa chuo alitoa ahadi hiyo, na mgomo ukasitishwa.

Kweli, zile hazikuwa silaha za nyuklia. Lakini mpaka umeanza kufifia. Novemba 2024 Joe Biden na Xi Jinping walilazimika kukubaliana kwamba uamuzi wa kutumia bomu la nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu, si mashine. Kodi inayoandikwa na mwanafunzi leo inaweza kuishia mahali ambapo hakuwahi kupaota. Ndiyo maana Machi 4, 1969, watu wa MIT kule Marekani walisimamisha utafiti kwa siku nzima wajadili sayansi yao inatumiwa na nani.

Konza ina kizuizi chake, na kinachekesha kidogo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa huko Agosti 2023, kinafundisha mtandaoni. Makomredi wake hawana hosteli wala uwanja wa kukusanyikia. Lakini baada ya Juni 2024, nani atasema kizazi hiki kinahitaji uwanja ili kipange jambo?

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yangu, kiko Nairobi. Mwaka huohuo wa 2024 Marekani iliitangaza Kenya mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, na Washington haiupendi mkataba huu hata kidogo. Huenda kuna wakubwa wanaoogopa kuukasirisha urafiki huo. Woga huo hauna msingi. Ufilipino na Thailand zina hadhi hiyohiyo, na zote mbili zimeuridhia mkataba.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Konza, au wa chuo kingine chochote, ana maswali mawili ya kuuliza. La kwanza ni kwa usimamizi wa chuo: je, kuna sera iliyoandikwa kuhusu utafiti wa kijeshi? Ni rahisi kuidai sasa, kabla mikataba ya utafiti haijarundikana. La pili ni kwa Bunge. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na Sheria ya Mikataba ya 2012 inataka Bunge lihusishe wananchi kabla mkataba haujaridhiwa. Wabunge hawatii saini mikataba, hiyo ni kazi ya serikali, lakini wanaweza kumwita waziri wa mambo ya nje aeleze kwa nini kura ya 2017 imekaa miaka yote hii bila saini.