Zogo Si Fujo

Yako maneno ya Kiingereza yachekeshayo hata kabla mtu hajaijua maana yake. Mojawapo ni hullabaloo, yaani makelele ya watu wengi waliotaharuki. Litamke polepole, utaona mdomo wenyewe unafanya zogo! Si neno la jana: Tobias Smollett alilitumia, kwa umbo lililotofautiana kidogo, katika hadithi yake ya mwaka 1762.

Nasi hatukunyimwa. Tunayo zogo, ghasia, sokomoko, kizaazaa na patashika. Lakini kila moja lina uzito wake. Vurugu imetoka katika kuvuruga, kama mtu avurugaye maji ya kisima yakawa tope. Mshikemshike ni sauti ya mtu apigaye ukelele, "Mshike! Mshike!" Katika Soweto Mashariki, huko Kibera, ambako jirani na jirani hutengwa na bati tu, ukelele huo si wa kuchekwa. Ukipigwa usiku juu ya mtu asiye na hatia, huenda asifike asubuhi.

Mwezi wa Septemba 2009 wakazi wa mtaa huo walianza kuhamishiwa kwenye nyumba za ghorofa za Lang'ata, ili mahali pao pajengwe nyumba mpya. Vitanda vilibebwa, masufuria yakagongana, watoto wakaitwa huku na huku. Hiyo ilikuwa hekaheka, na kuiita vurugu ni kuwaonea watu waliokuwa wakihama kwa utaratibu.

Sisi makarani ndio wakosaji wakubwa. Kila sauti ikizidi kidogo, twaandika "fujo". Kumbe fujo ni neno la mahakama! Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya chaweza kumpeleka mtu gerezani miezi sita kwa kufanya fujo ielekeayo kuvunja amani.

Siku moja niliandika taarifa juu ya akina mama waliogombania zamu penye bomba la maji. Nikaandika fujo, nikaona nimeandika vizuri. Mzee mmoja wa mtaa akaomba nimsomee. Akaniuliza, "Bwana karani, ni nani aliyepigwa?"

"Hakuna, mzee."

"Je, mtungi wa nani ulivunjwa?"

"Hakuna."

Akanyamaza, akaitazama kalamu yangu. Nikalikata neno lile, nikaandika zogo.