Historia Yetu, Haki Zetu: Simon Kimbangu, mtu aliyehukumiwa bila mtetezi



Juma hili tunaacha kidogo habari za mashamba na za chanjo, tuzungumze juu ya kesi moja. Ilikatwa zamani, tarehe 3 mwezi wa kumi 1921, katika mji wa Thysville, ambao leo tunauita Mbanza-Ngungu, kule Kongo-Kati. Aliyehukumiwa ni Simon Kimbangu. Watoto wetu wanalisikia jina lake sababu tangu mwaka 2023 tarehe 6 mwezi wa nne ni siku ya kupumzika katika nchi nzima. Lakini ukiwauliza kwa nini hawaendi masomo siku ile, wengi wanajibu tu: ni konje. Inafaa mama aweze kuwaeleza.

Tuseme jambo moja mapema. Katika vikundi vyetu wamo Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, Wakimbangu na wengine. Hatuandiki hapa kupima imani ya mtu. Tunaandika juu ya haki, na haki haiulizi mtu anasali wapi.

Kimbangu alizaliwa katika kijiji cha Nkamba. Mwaka 1915 alibatizwa katika misioni ya Wabaptisti Waingereza ya Ngombe-Lutete, akawa katekista. Tarehe 6 mwezi wa nne 1921 alimwombea mama mmoja mgonjwa, jina lake Nkiantondo, na wafuasi wake wanasimulia kwamba mama yule alipona. Habari ikatembea upesi kuliko treni. Watu wakaanza kumiminika Nkamba, wagonjwa wakibebwa mgongoni na katika machela.

Tukumbuke watu wale walikuwa wametoka wapi. Miaka mitatu tu mbele, mwaka 1918, homa kubwa ya mafua ilikuwa imepita na kuacha matanga kila mahali. Tena kulikuwa kodi, kazi ya kulazimishwa, barabara ya reli, na fimbo. Mtu aliyewaambia kwamba Mungu anawaona na wao pia, namna gani wasimkimbilie? Kimbangu aliwafundisha kuacha hirizi na kuoa wake wengi. Hakuwaambia washike mikuki.

Lakini wakubwa wa serikali ya Wabeleji waliona mambo mengine. Waliona watu wanaacha kazi za wazungu na kwenda Nkamba. Waliona watu weusi wanakusanyika kwa maelfu bila ruhusa ya mzungu. Wafanyabiashara wakalalamika, wamisionari wengine nao wakalalamika. Tarehe 6 mwezi wa sita, administrateri Léon Morel alifika Nkamba pamoja na askari kumkamata. Kimbangu akawaponyoka. Kijiji kikaporwa. Kwa miezi mitatu walimtafuta, watu wakamficha. Kisha, tarehe 12 mwezi wa tisa, yeye mwenyewe alirudi Nkamba na kujitoa mikononi mwao, akiwaambia wafuasi wake wasipigane.

Sasa tuangalie kesi yenyewe, hatua kwa hatua, sababu hapa ndipo penye fundisho kwetu.

Jambo la kwanza: hakupelekwa mbele ya baraza la raia. Serikali ilikuwa imetangaza utawala wa kijeshi katika eneo lile, na Kimbangu, ambaye hakuwa askari, akahukumiwa na baraza la vita. Mkubwa wa baraza lile alikuwa komanda De Rossi. Serikali ndiyo iliyolalamika, ndiyo iliyokamata, na ofisa wake ndiye aliyehukumu. Fisi akiwa hakimu, mbuzi atashinda kesi gani?

Jambo la pili: hakuwa na avoka. Hakuna mtu aliyesimama kando yake kumtetea, na mashahidi wa kumsaidia hawakuitwa. Fikirini katekista wa kijiji, peke yake, mbele ya maofisa wa jeshi wanaouliza maswali na kuandika majibu.

Jambo la tatu: makosa aliyoshitakiwa. Walisema anahatarisha usalama wa serikali na kuchochea watu wawachukie wazungu. Na ushahidi? Maneno ya mahubiri, nyimbo za kidini, na jina la nabii ambalo watu walimpa. Hakuna aliyeshitaki kwamba Kimbangu ameua mtu kwa mkono wake. Nyimbo ambazo watu waliimba wakisali ziligeuzwa kuwa silaha za vita.

Jambo la nne: azabu. Walimhukumu kufa, na kabla ya kufa apigwe fimbo 120. Wenzake kadhaa walipewa vifungo virefu. Katika kundi lile alikuwemo msichana mmoja, Mandombe. Kwa sababu ya umri wake mdogo alipewa miaka 2. Tunaomba kila mama asimame kidogo hapa na kumfikiria binti yake.

Jambo la tano: hakuwa na mlango wa rufani. Kilichobaki kilikuwa huruma ya mfalme tu. Wamisionari Wabaptisti walimwombea, na kabla ya mwaka ule kwisha mfalme Albert wa Kwanza alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Watu wengine wanasifu huruma ile. Sisi tunasema hivi: mtu aliyeibiwa nguo zote, akirudishiwa shati, hajarudishiwa haki yake.

Wakamtoa Kongo-Kati, wakampeleka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kutoka Nkamba ni zaidi ya kilomita 1,500. Ni nchi ambako watu walizungumza Kiswahili, si Kikongo chake. Alikaa gerezani mpaka alipofariki tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Miaka 30. Nelson Mandela, ambaye dunia nzima inamhesabia miaka yake ya gereza, alikaa 27.

Mwaka 1959 mwanasheria mmoja Mbeleji, Jules Chomé, aliandika kitabu juu ya kesi ile na kuonyesha namna sheria ilivyokanyagwa. Kwa hiyo si sisi Wakongomani peke yetu tunaosema haikuwa haki. Hata kwa sheria za wakati ule wa wakoloni, ilikuwa aibu.

Lakini katika ukurasa huu wa wamama hatuwezi kumaliza bila kumtaja mama Marie Muilu, bibi yake Kimbangu. Siku ile hukumu ilipotoka, alibaki na watoto watatu wa kiume: Kisolokele wa miaka 7, Dialungana wa miaka 5, na Diangienda wa miaka 3. Bwana wake hakufa, lakini hakuwepo. Wamama wengi wanaosoma gazeti hili wanaelewa vizuri hali ile, ya kuwa si mjane na si mwenye bwana. Hakuna matanga ya kulia, na hakuna mtu wa kumngojea jioni.

Mama Muilu aliishi akichunguzwa na serikali. Kusali kwa namna ya Kimbangu kulikuwa kumekatazwa, na wafuasi wengi walikuwa wakifukuzwa makwao na kupelekwa mikoa ya mbali. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeshika kamba isikatike. Watu walikuja kwake kwa siri, akawapa moyo, akalea watoto wake, akawakumbusha baba yao ni nani. Alifanya hivyo karibu miaka arobaini. Alifariki tarehe 27 mwezi wa nne 1959. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule, serikali ya Wabeleji ikatambua kanisa la Kimbangu mbele ya sheria. Miezi minane tu ilimkosesha kuona matunda ya kazi yake. Mwaka uliofuata, wakati nchi ilikuwa inakaribia uhuru, mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba. Na mtoto yule wa miaka 3, Joseph Diangienda, ndiye aliyekuja kuliongoza kanisa lile kwa miaka mingi. Historia inamwita Kimbangu shujaa, na ni kweli. Lakini nyuma ya miaka 30 ya gereza kulikuwa mama mmoja aliyekataa watoto wake waambiwe kwamba baba yao ni mhalifu.

Mtatuuliza: mambo ya 1921 yanatusaidia nini leo, sisi tunaotafuta sombe na unga? Yanatusaidia sababu makosa yale matano hayakuzikwa pamoja na wakoloni. Kila juma katika mikutano yetu kuna mama anayesema mtoto wake amekamatwa na hajui kwa nini. Mwingine amelala nje ya kasho na sahani ya chakula. Mwingine amefungwa yeye mwenyewe, sababu kijana wake anatafutwa na haonekani. Tofauti na wakati wa mama Muilu ni kwamba leo kuna maandiko mikononi mwetu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inasema wazi. Tunayaweka hapa kwa lugha ya nyumbani:

Kifungu cha 17: kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa mahali pa mwingine. Mama hafungwi kwa kosa la mtoto, wala bibi kwa kosa la bwana. Na mtu aliyeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho.

Kifungu cha 18: mtu akikamatwa, aambiwe palepale sababu, na katika lugha anayoielewa. Ana haki ya kuonana mara moja na jamaa yake au avoka wake. Katika kasho asipitishe saa 48: aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Kifungu cha 19: kila mtu ana haki ya kujitetea, yeye mwenyewe au kwa avoka aliyemchagua.

Kifungu cha 21: hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu. Tena kila mtu ana haki ya kuipinga.

Kifungu cha 61: hata wakati wa vita au utawala wa kijeshi, haki ya kujitetea na haki ya rufani haziondolewi. Hapa ndipo Kimbangu aliponyimwa kila kitu. Kifungu hikihiki kinakataza pia mtu kufungwa kwa sababu ya deni. Wenye likelemba, msikie vizuri.

Tunajua kwamba maandiko ni jambo moja na kasho ni jambo lingine. Mama akifika na katiba mkononi, wengine watamcheka. Kwa hiyo asifike peke yake. Mmoja wenu akipata tatizo, waende wawili au watatu. Mwandike kwenye daftari la kikundi siku na saa mtu alipokamatwa, nani alimkamata, na sababu waliyotoa. Ulizeni kwa heshima: ameandikwa wapi, kosa gani, atapelekwa parke lini? Mkiombwa pesa ili aachiliwe, ombeni risiti. Wengi hunyamaza wakisikia neno lile. Ulizeni pia katika mji wenu kama kuna avoka au shirika linalosaidia bure wale wasio na uwezo. Na msigawane habari za mfungwa sokoni, sababu neno la sokoni linaweza kuwa ushahidi mbaya, kama nyimbo za Nkamba zilivyokuwa.

Jambo lingine ni la nyumbani. Baraza la kwanza ambalo mtoto anaona ni lile la mama na baba. Sahani ikivunjika, tunauliza kwanza ao tunapiga kwanza? Yule mdogo tunampa nafasi ya kusema, ao tunamwamini mkubwa sababu ndiye anayetusaidia kazi? Mtoto aliyezoea kusikilizwa kabla ya kuazibiwa, kesho akiwa polisi, hakimu ao shefu, atajua kwamba mtu ana masikio mawili sababu kuna pande mbili za kila neno.

Ya kuzungumza katika kikundi juma hili:

1. Katika yale makosa matano ya kesi ya Kimbangu, ni yapi bado tunayaona katika kartye yetu?

2. Kama mmoja wetu angekamatwa leo usiku, nani angeenda kwanza, na kwa nani? Chagueni sasa, msingoje siku ile.

3. Tutawaeleza watoto wetu nini juu ya mama Muilu?

Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na vifungu vile vya katiba vikatwe na kutunzwa pamoja na karte za watoto za chanjo. Juma lijalo tutazungumza juu ya kuandikisha mtoto kwa leta siku 90 kabla hazijapita. Mukae na amani.